Kaboni Ndani ya Moyo Wangu

Leo natembea kutoka sokoni Nachingwea hadi shuleni ninakofundisha kemia bila kusimama njiani kutafuta pumzi. Alhamdulillahi. Nashuhudia kwa sababu huku kwetu wapo wagonjwa wanaokataa valvu ya bandia ya moyo, na hofu yao naijua, niliishi nayo.

Nilizaliwa Ruangwa. Utotoni niliugua koo mara kwa mara, nikapewa maji ya chumvi na ndimu, basi. Ugonjwa wa koo wa namna ile ukisababishwa na bakteria wa streptokoki na usipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kugeuka ikashambulia valvu za moyo. Ndivyo valvu yangu ya mitrali ilivyoharibika. Ukubwani nikawa nalala nimeegemea mito, miguu imevimba, hadi nikapelekwa Muhimbili, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Daktari alinionyesha valvu mkononi mwake. "Mwalimu, hivi vipande viwili vinavyofunguka ni kinywe, kimefunikwa kaboni ngumu."

Kinywe! Madini yanayochimbwa kwetu Ruangwa! Kile cha valvu hutengenezwa kiwandani, lakini ni kaboni ileile, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanza kugeuka hamu ya kujua.

Kwenye mgodi wa kinywe mawe husagwa, yakachanganywa na maji na kupulizwa hewa. Mchanga hulowana ukazama. Kinywe hakilowani kirahisi, hivyo hung'ang'ania viputo kikaelea. Tabia hiyo ya uso wa kaboni mbele ya maji ndiyo wanasayansi wanayoichezea wanapotaka damu iuvumilie. Damu ikigusa kitu kigeni, protini ndizo zinazotangulia kukipaka. Albumini ikitawala, chembe sahani, zile zinazoanzisha damu kuganda, hutulia. Fibrinojeni ikitawala, chembe hizo hunata na damu ikaanza kuganda.

Miaka ya 1960 huko Marekani, Jack Bokros alikuwa akishughulikia kaboni ya kufunika fueli ya nyuklia. Daktari Vincent Gott alikuwa akitafuta kitu kisichogandisha damu. Kazi zao zikakutana. Kaboni ile ikaongezwa silikoni ili iwe ngumu, isilike kwa mapigo ya moyo ya miaka mingi, na kinywe cha ndani kikatiwa tungsteni ili kionekane kwenye eksirei. Valvu ya St. Jude ya vipande viwili iliwekwa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1977. Baadaye Bokros mwenyewe aliiondoa silikoni katika valvu ya On-X, akiamini kaboni tupu ni rafiki zaidi wa damu. Hilo nalipenda sana kulifundisha: kiungo kimoja kilitoa ugumu, lakini kikaacha swali upande wa damu.

Kwenye aina nyingine ya kaboni, utando mwembamba unaofanana na almasi, athari ya viungo kama hivyo ni wazi zaidi. Ukitia florini, maji hujikusanya matone kama juu ya jani la gimbi. Ukitia oksijeni, hutandaa. Fedha huua bakteria, ila ikizidi hudhuru hata seli za mwili. Kipimo ndicho kila kitu.

Hakuna kiungo kilichoiwezesha kaboni kuacha kabisa kugandisha damu. Ndiyo maana, tangu niwekewe valvu, nameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku na kupima INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ibaki kati ya 2.5 na 3.5. Kisamvu sijakiacha, nakula kwa kiasi kilekile, maana vitamini K iliyomo hushindana na dawa. Usiku kukiwa kimya nasikia valvu ikigonga. Zamani ningetetemeka, sasa nalala.

Mzazi wa Nachingwea, mzazi wa Ruangwa, mtoto akiumwa koo na homa mpeleke zahanati. Akiandikiwa dawa, amalize dozi hata kama koo limepoa. Na wewe uliyekwisha kuambiwa kwamba valvu yako imeharibika, usikae nyumbani ukisubiri miguu ivimbe. Nenda.