Programu Niliyomwandikia Baba

Nimepotea kwa muda mrefu, najua. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na masomo yetu ya Python, na ahadi ni deni. Lakini leo niruhusuni niandike jambo jingine. Ndani yake imo programu, ingawa programu yenyewe ilishindwa.

Jioni moja mwaka 2019 Baba alinipigia simu kutoka Emali. Mimi nilikuwa kazini Nairobi, nikihangaika na kosa katika programu ambayo mteja aliitaka kesho yake asubuhi. Maneno ya Baba yalikuja yamekatikakatika, mengine hayakuwa maneno kabisa. Nikamwambia, "Baba, mtandao ni mbaya, nitakupigia kesho." Nikakata.

Mtandao haukuwa mbaya. Kilikuwa kiharusi.

Mama alikuwa amelala matangani. Aliporudi asubuhi alimkuta Baba ameketi sakafuni, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea. Hospitalini daktari akauliza dalili zilianza saa ngapi. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Saa na dakika zilikuwa kwenye simu yangu. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha kuhakikisha kwamba damu haivuji ubongoni. Sisi tulikuwa tumechelewa usiku mzima.

Miguu ilirudi polepole. Maneno hayakurudi. Na Baba, kwa wasiomjua, alikuwa mtu wa maneno. Aliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi, na alipostaafu kazi yake ikawa kukaa chini ya mwarobaini karibu na stendi, kucheza drafti na kusimulia. Sasa alibaki na neno moja: "ile". Ukimuuliza amekula, "ile". Ukimuuliza anaumwa wapi, "ile, ile", huku akipiga paja kwa hasira.

Jirani mmoja alituambia kwa huruma kwamba akili za mzee zimeruka. Mwingine alimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Dukani walidhani amelewa. Marafiki wa drafti walikuja kumjulia hali wiki ya kwanza, wakaja ya pili, kisha wakaacha. Siwalaumu. Hawakujua la kufanya na ule ukimya.

Hali hii inaitwa afasia. Mwaka 1861 huko Paris daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka alikuwa akisema silabi moja tu, "tan", ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akaona jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Kwa watu wengi lugha inategemea zaidi upande huo wa kushoto. Ndiyo maana mara nyingi afasia hufuatana na udhaifu wa mkono wa kulia, kama kwa Baba.

Kwa lugha yetu sisi waandishi wa programu, fikiria hifadhidata ambayo data yake ipo. Kilichokatika ni njia ya kuitoa. Mfano huu una mipaka yake, kwa kuwa wapo ambao kuelewa nako huharibika. Lakini kwa Baba ulitosha kunifumbua macho. Alijua jina langu. Alikuwa haoni mlango wa kulitolea.

Basi nikafanya ninachokijua. Kwa majuma matatu nilikesha nikimwandikia programu ya simu. Picha kubwa kubwa, ukigusa inasema: maji, chai, dawa, choo, naumwa, nataka kulala. Sauti niliyotia ilikuwa yangu mwenyewe. Nikampelekea nikiwa na furaha ya mtu aliyelipa deni.

Aliitumia siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta ameilaza simu kifudifudi mezani. Nikamuuliza, "Baba, haifanyi kazi?" Akaniangalia kwa muda mrefu. Kisha akagusa picha ya choo, sauti yangu ikasema "choo", naye akatikisa kichwa na kuisukuma simu upande wangu.

Nilikasirika, sitaficha. Ilinichukua muda kuelewa. Niliandika orodha ya mahitaji ya mgonjwa. Hapakuwa na kitufe cha kutania, wala cha kubisha, wala cha kuuliza nani ameshinda drafti. Na kila alipotaka kitu, ilibidi amsikie mwanawe akisema kwa niaba yake.

Msaada ulikuja kutoka mahali nisipopategemea. Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimnyoosha Baba mkono alimwambia Mama kuhusu kikundi cha watu waliopata kiharusi, wanaokutana Jumamosi moja kila mwezi. Baba hakutaka. Mama akamwambia, "Basi mimi nitaenda, nawe utanisindikiza." Akamsindikiza.

Palikuwa na watu kama kumi na wawili hivi. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alijibu kila kitu kwa "hapana", hata alipomaanisha ndiyo. Alipoulizwa kama anataka chai akasema "hapana" huku akinyoosha kikombe. Kikundi kizima kikacheka, naye akacheka kuliko wote. Baba akamgeukia, akasema kwa uzito, "Ile." Mwalimu akajibu, "Hapana." Wakapeana mikono. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona Baba akicheka tangu siku ya simu ile. Pembeni walezi walikuwa na duara lao, na Mama, ambaye nyumbani hakuwahi kutoa chozi mbele yetu, alilia akiwa ameshikwa mabega na wanawake asiowajua.

Pale ndipo nilipojifunza kuongea na baba yangu. Zima redio. Uliza swali moja, fupi, kisha ngoja. Ngoja zaidi ya unavyoweza kuvumilia. Usimmalizie neno kabla hajakuomba. Weka karatasi na kalamu mezani, mchore. Ukiwa hukuelewa, usijifanye umeelewa. Na mara kwa mara mwambie, "Najua unajua." Baadaye nilisoma kwamba kituo cha afasia cha Toronto, Kanada, kilichoanza mwaka 1979, kinafundisha watu mbinu za namna hii, kwa sababu mazungumzo ni ya watu wawili, na huyu mwenye maneno ndiye anayepaswa kubeba mzigo mkubwa zaidi.

Nikaenda chini ya mwarobaini kuwaeleza wazee. Aliyekuwa utingo wake zamani alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Mlete."

Tulimleta. Wakapanga vifuniko vya soda kwenye ubao. Katikati ya mchezo yule utingo, kama mtu anayeongea peke yake, akaanza: "Tumetoka Mombasa. Mazeras. Mariakani..." Akanyamaza. Wote wakangoja. Baba akafungua mdomo. "Voi," akasema. Kisha, "Mtito." Kisha, "Makindu." Na alipofika, akapiga ubao kwa kiganja: "Emali!"

Si muujiza. Mambo tuliyoyarudia maelfu ya mara, kama kuhesabu, sala, nyimbo, majina ya siku, mara nyingi hubaki hata maneno ya kawaida yanapopotea. Kesho yake hakuweza kuomba chumvi. Lakini alirudi chini ya mwarobaini, na keshokutwa, na mtondo.

Programu niliiandika upya. Toleo la pili halisemi chochote. Lina picha tu: wenzake, lori lake la zamani, ramani ya barabara kutoka bandarini hadi mpakani, mbuzi wa nyumbani, wajukuu. Anaionyesha, watu wanauliza, naye anakubali au anakataa kwa kichwa. Ni programu nyepesi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndiyo pekee anayoitumia.

Siku hizi hunipigia simu mwenyewe. Kwanza kuna kimya, kisha "ile... ile..." Mimi sikati. Nangoja.

Nanyi wasomaji, nawaomba jambo moja. Mtu akipinda uso ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, msimwambie alale kwanza. Angalieni saa, mkimbizeni hospitali. Wala msiusingizie mtandao.

Haya, Python tutaendelea wiki ijayo. Safari hii ni kweli.