Ofisi Yangu ya Viti 14

Watu huniuliza ofisi yangu ya kwanza ilikuwa wapi. Basi leo niwaambie: ndani ya matatu.

Tarehe 6 Aprili 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi. Matatu ya mjomba, ya kwenda Nakuru, ikalala uani kwetu Umoja. Chumbani tulikuwa watano, nami nimehitimu juzi tu, kwa hivyo nikahamia kiti cha nyuma na laptopu. Baridi ya Juni ilinikuta humo, nimejifunika blanketi, nikimalizia programu yangu ya kwanza ya kulipwa. Kila asubuhi mjomba aliwasha injini betri isife, akiuliza watafungua lini. Moyoni niliomba wakawie.

Walifungua Julai 7. Aliondoka na abiria 8 badala ya 14, akipiga honi kwa furaha. Niliona aibu.