Siku Tatu Ujiji na Kigoma: Shauri kwa Jamaa wa Munanila

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kitabu Chake kitukufu, wala si mara moja, kwamba tutembee katika nchi na tutazame: tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji, na jinsi ulivyokuwa mwisho wa watu waliotutangulia. Amri hiyo haikuwekewa sharti la kwenda mbali. Walakini wengi wetu twadhani kwamba kusafiri kwa ajili ya kutazama ni kazi ya wageni watokao Ulaya na Marekani, na kwamba Mwislamu wa shamba hana safari isipokuwa ya Hija, ya biashara, au ya maziko.

Tuwatazame ndugu zetu wa Munanila, kule milimani karibu na mpaka wa Burundi, katika nchi ya Waha iliyohesabiwa zamani chini ya Kasulu, na ambayo tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Buhigwe. Mji mkubwa wa pwani ulio karibu nao ni Kigoma, pamoja na Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika. Huko huteremka mara kwa mara: huyu ampeleka mgonjwa hospitali, yule apeleka maharage sokoni, wa tatu ameitwa shaurini. Shughuli ikiisha hupanda gari akarudi, na ziwa ameliona kwa mbali tu, kama mtu aonavyo moshi wa jiko la jirani. Mtoto wake asoma shuleni habari za Ujiji kana kwamba asoma habari za China. Sisi twaona kuwa hii ni hasara. Kwa hiyo twapenda kueleza jinsi jamaa wa nyumba moja, baba, mama na watoto, wawezavyo kupanga safari ya siku tatu, wakaona mengi wala wasirudi na deni.

Kuchagua wakati

Jambo la kwanza ni majira. Miezi ya kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, ndiyo mizuri, kwa kuwa barabara ni kavu. Jambo la pili ni mwezi wa mbinguni, na hapa kalenda yetu ya Kiislamu yatusaidia. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na dagaa hazifuati taa ila penye giza. Basi atakaye kuona taa zao zimetapakaa majini kama mji ulioelea, na aende mwishoni mwa mwezi au mwanzoni mwake. Akienda katika siku za ayyamul-bidh, yaani tarehe 13, 14 na 15, atawakuta wavuvi wamepumzika na mbalamwezi yatawala ziwa. Tena na aulize kwanza kama uvuvi umeruhusiwa: mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane.

Maandalio

Mapato yagawanywe mafungu manne: nauli, malazi, chakula, na akiba ya dharura. Fungu la nne lisiguswe kwa ajili ya kununua mapambo. Ikiwa mafungu hayakutimia, safari ingoje mavuno mengine; kutazama ziwa si faradhi, lakini kulipa deni ni faradhi. Mwenye jamaa Ujiji aweza kufikia kwao, ila akumbuke neno la wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asiye na jamaa atafute nyumba ya wageni yenye heshima, na aitafute kabla ya jua kuchwa, ili mama na mabinti wasizungushwe mjini usiku.

Na mama asiachwe nyumbani. Twataja hili kwa sababu baba wengi huchukua wavulana tu. Mtume wetu (s.a.w.) alisafiri pamoja na wake zake, na atakayewasimulia watoto habari za safari miaka ishirini baadaye, mara nyingi ni mama.

Munanila kuna baridi, lakini uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya bahari, na huko kuna joto na mbu wengi. Basi chandarua kisisahauliwe, na maji ya kunywa yachemshwe. Watoto wasiogelee mahali popote pasipo kuwauliza wenyeji, kwani yako maeneo yenye mamba na yenye kichocho. Katika habari ya kupunguza sala, wanazuoni wa Kishafii wameweka mpaka wa marhala mbili, ambazo wengi huzikadiria kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Safari yetu i karibu na mpaka huo. Kwa hiyo na aulizwe sheikh wa msikiti kabla ya kuondoka, kuliko kubishana njiani.

Siku ya kwanza: Kigoma

Twashauri safari ianze Alhamisi asubuhi. Njia hupita Manyovu, na toka Manyovu hadi Mwandiga ni kilomita 60 hivi, kisha Kigoma si mbali. Jioni wapelekwe watoto kwenye stesheni ya reli iliyojengwa na Wadachi. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914 kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Hapo waelezwe kisa cha meli Liemba. Iliundwa Papenburg katika Ujerumani, ikavunjwa vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, ikaungwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Atakaye kuipanda aulize bandarini kwanza, maana meli kongwe haikosi matengenezo.

Kisha waketi ufukoni kungoja Magharibi. Jua huchwea upande wa Kongo, juu ya ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Ni Baikal tu la Urusi lililo na kina kikubwa kuliko hili. Hapa hapahitaji maneno mengi.

Siku ya pili: Ujiji

Ijumaa ni siku ya Ujiji, na sala ya Ijumaa isaliwe huko. Waarabu na Waswahili wa pwani waliweka makao yao katika mji huu katika miaka ya 1840 hivi. Burton na Speke walifika Februari 1858, wakawakuta. Kwa njia hiyo Uislamu na lugha yetu vilienea kandokando ya ziwa na kuvuka hata Kongo, na tarika ya Kadiria ikapata hapo mojawapo ya vituo vyake vikubwa vya bara.

Ipo kumbukumbu mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Watoto watauliza: mbona ziwa li mbali na mahali hapa? Waambiwe kwamba zamani maji yalikuwa juu zaidi. Mwaka 1878 hivi yalipasua njia kwa mto Lukuga, upande wa Kongo, na kwa miaka mingi yakashuka.

Lakini watoto watauliza na jambo jingine, nalo ndilo zito. Ujiji ulikuwa mwanzo wa njia ya misafara iliyopita Kwihara, karibu na Tabora, na Mpwapwa, hata Bagamoyo. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu. Na waliowauza watu hao, wengi wao walikuwa na majina kama yetu. Livingstone alipofika Ujiji mwaka ule wa 1871 alikuwa ametoka Nyangwe, katika Kongo, ambako alishuhudia wafanya biashara wakiwapiga risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake.

Baba asiifiche habari hii, wala asiipunguze kwa kusema kwamba Wazungu nao walifanya hivyo hivyo. Walifanya, lakini dhambi ya jirani haisafishi nguo yetu. Dini imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa miongoni mwa mema makubwa na kafara ya makosa, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemuuza mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wake siku ya Kiyama. Kijana akilijua hilo pale pale njia ilipoanza, ataweza kupambanua dini na matendo ya watu wake. Akifichwa, ataambiwa siku nyingine na mtu asiyeitakia dini mema, naye hatakuwa na jibu.

Siku ya tatu: Kibirizi na kurudi

Jumamosi baada ya Alfajiri waende Kibirizi, wakaone mitumbwi ikirudi na dagaa na migebuka. Yafaa wanunue dagaa kidogo na mawese, zawadi kwa majirani. Toka hapo Kibirizi mashua huenda Gombe, kiasi cha kilomita 16 kaskazini, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe Julai 1960. Mahali pale pakawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Lakini Gombe yataka siku yake na fedha zake, ingawa mwananchi hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Na iwekewe mwaka mwingine.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba msafiri akiisha haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Basi baada ya Adhuhuri wapande gari. Wakiisha kufika, kila mtoto aeleze jambo moja aliloliona na jambo moja lililomhuzunisha, na wazee wasikilize. Mwenyezi Mungu awajaalie macho yaonayo na nyoyo zizingatiazo. Amin.