Majani ya Ocean Road

Mwezi uliopita sisi akina mama wa kanisa tulikwenda Dar es Salaam kuwaona wagonjwa katika hospitali ya saratani ya Ocean Road. Tulibeba uji kwenye chupa za chai, kanga na sabuni. Tulifika mapema, saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado, basi tukatembea kando ya uwanja wa gofu wa Gymkhana.

"Hivi sista," mama mmoja akatuuliza sisi wauguzi, "mji umebanana namna hii, majani yote haya yaliachwa ya nini?"

Tulimweleza kwamba wakoloni walipenda gofu, lakini waliupenda pia umbali. Mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha kuwa mbu hubeba vimelea vya malaria. Madaktari wao wakashika wazo kwamba mbu huutoa ugonjwa kwa watoto wa Kiafrika na kuupeleka kwa Wazungu. Mwaka 1914 Profesa W. J. Simpson, katika ripoti yake juu ya afya ya miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar, alitaka paachwe uwazi wa yadi 300, yaani kama mita 275, kati ya nyumba za Wazungu na za watu wengine. Uwanja wa michezo ulifaa sana kuulinda uwazi wa namna hiyo, maana hapajengwi. Waingereza walipoitawala Dar es Salaam nayo waliigawa: Uzunguni huku baharini, maduka ya Wahindi katikati, kisha Mnazi Mmoja palipoachwa wazi, ndipo Kariakoo ya Waafrika.

Mama yule akacheka. "Na yaya je? Alilala wapi?"

Alilala bandani, nyuma ya nyumba ya bwana! Mchana alimbeba mtoto wa Kizungu mgongoni. Na mbu wa malaria huweza kuruka zaidi ya kilomita moja.

Kinachotuuma sisi wauguzi ni kwamba wazo hili lilitoka kwa watu wa kazi yetu. Mtoto mwenye homa alihesabiwa kuwa hatari ya kukaa nayo mbali, kabla ya kuhesabiwa mgonjwa.

Saa ikafika, tukaingia. Hospitali hiyo Wajerumani waliifungua mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Tulimkuta bibi mmoja kutoka bara amelala karibu na dirisha, upepo wa bahari unampiga. Tukammiminia uji. Akaonja, akauliza kama sukari imekwisha madukani.