Kamati Haijakaa

Ndugu wanachuo, mtakapokwisha kupewa vyeti na kupangiwa vituo vyenu vya kazi, wengi wenu hamtakaa miaka mingi kabla ya kuanza kufikiria masomo ya juu zaidi. Hilo ni jambo jema, wala hatuandiki kulipinga. Tunaandika juu ya kipindi ambacho hakuna mkufunzi aliyepata kututajia tulipokuwa chuoni kama ninyi, yaani ile miezi baina ya siku ya kutia bahasha posta na siku ya kupata jibu. Katika miezi hiyo mwalimu huwa bado ana darasa.

Mwaka 2004 tulikuwa walimu watatu wa shule moja ya msingi iliyo baina ya Geita na Kahama. Wakati huo Geita ilikuwa ingali wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wake uliundwa mwaka 2012. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na nje ya nyua zake wachimbaji wadogo walikuwa wakihama kutoka kilima hadi kilima kila ziliposikika habari za mwamba mpya. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulikuwa umeanza mwaka 2002. Watoto walikuja kwa wingi ambao majengo yetu hayakuutazamia. Darasa la Tatu peke yake lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 120 katika chumba kimoja.

Sote watatu tulikuwa tumepata shahada ya kwanza ya elimu kwa kusoma usiku kwa taa ya chemli, tukiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994. Mwezi Machi tuliomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja ambacho hatutakitaja. Tulijaza fomu, tukapeleka nakala za vyeti zilizogongwa mhuri wa hakimu, tukawaandikia wadhamini wetu wa kitaaluma, na barua za kuomba ruhusa ya mwajiri zikapanda ngazi kwa ngazi: kwa Mwalimu Mkuu, kwa Mratibu wa Elimu wa Kata, kwa Afisa Elimu wa Wilaya, hadi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Kisha tukangoja. Barua zote za shule zilikuja kwa sanduku la posta la mjini, na Mwalimu Mkuu alilifungua mara moja kwa mwezi alipokwenda mkutanoni. Aliporudi tulimwangalia mkoba kabla ya kumwangalia uso.

Ni lazima tukiri yale tuliyoyafanya katika kungoja huko. Maandalio ya masomo tuliyaandika kwa kunakili ya mwaka uliopita, tukibadili tarehe tu. Mmoja wetu aliacha kuchora ramani mpya ya ukutani kwa sababu, alisema, hatakuwapo itakapotumika. Madaftari ya hesabu yalilala katika kabati wiki mbili bila kusahihishwa. Tulizungumza juu ya shule kama wasafiri wanavyozungumza juu ya nyumba ya wageni. Hakuna mkaguzi aliyetukemea, maana vitabu vyetu vya kumbukumbu vilikuwa vimejazwa sawasawa. Mwalimu anayengoja kuondoka anaweza kuwa ameondoka miezi sita kabla ya barua, na wa kwanza kulitambua ni watoto.

Mwezi Agosti ukapita, Septemba ukapita. Mwezi Oktoba tulichanga nauli tukamtuma mwenzetu Dar es Salaam kuulizia. Alirudi baada ya siku nane na sentensi mbili. Karani alimwambia: "Kamati haijakaa. Subirini." Alipouliza itakaa lini, karani alikwisha kumgeukia mtu mwingine.

Njiani mwenzetu huyo alilala Shinyanga kwa mwalimu mstaafu aliyetufundisha sisi sote zamani. Mzee alimsikiliza, akacheka kidogo, kisha akamsimulia habari zake za mwaka 1978. Ninyi mliozaliwa karibuni yafaa mjue kwamba Azimio la Musoma la Novemba 1974, mbali ya kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, lilibadili pia mlango wa kuingilia Chuo Kikuu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda tena moja kwa moja Mlimani. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alitakiwa kwanza kufanya kazi walau miaka miwili, kisha apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama. Hivyo kamati ya kwanza ya mzee wetu ilikaa chini ya mwembe, na wajumbe wake walikuwa watu waliomwona kila siku shambani, dukani na darasani. Alijua siku watakayokaa, maana yeye ndiye aliyepeleka mabenchi kutoka shuleni. Hatusemi kwamba utaratibu ule ulikuwa bora kuliko huu wa sasa. Ulimpa pia jirani mwenye kinyongo nafasi ya kulipiza kisasi kwa jina la uadilifu, na mzee mwenyewe alikataliwa mara ya kwanza kwa jambo lililohusu mbuzi. Lakini alikijua kisa cha kukataliwa kwake, naye mwaka uliofuata alikwenda akiwa amekwisha kulipa mbuzi huyo.

Sisi hatukujua lolote. Miaka mingi baadaye, mmoja wetu alipokuwa mhadhiri na kukaa yeye mwenyewe katika kamati ya idara ya kuchambua maombi, ndipo tulipoelezwa mambo yanavyokwenda ndani. Wajumbe ni wahadhiri wenye vipindi vyao, mitihani yao na wanafunzi wao. Hukutana pale tu akidi inapotimia. Idara ikimaliza, majina hupelekwa kwenye kitivo, na kitivo kikimaliza hupelekwa kwenye kamati ya seneti, na kila ngazi ina kalenda yake. Hutazama daraja la shahada ya kwanza, alama za masomo yanayohusika na barua za wadhamini. Barua isemayo tu kwamba mwombaji ni mtu mwenye tabia njema haiwasaidii kitu. Wanataka mtu aseme amemwona mwombaji akifanya kazi gani na kwa uwezo gani. Hutazama pia kama yupo mwalimu wa kumsimamia katika utafiti anaoukusudia, na kwa hiyo mwombaji mzuri hukosa nafasi kwa sababu tu msimamizi amestaafu. Lakini lililotushangaza ni hili: faili lililopungukiwa na karatasi moja aghalabu halikubaliwi wala halikataliwi. Huwekwa kando lingoje karatasi hiyo, na mwenye faili haambiwi.

Siku hizi maombi mengi hupelekwa kwa intaneti na jibu hutokea katika simu. Mwalimu hahitaji tena kumngoja Mwalimu Mkuu atoke mjini, lakini sasa analichungulia sanduku lake la posta mara ishirini katika kipindi kimoja cha dakika arobaini, mbele ya wanafunzi.

Turudi kwenye Oktoba ile. Wanafunzi wetu wa Darasa la Saba walikuwa wamefanya mtihani mwezi Septemba. Wakati huo shule za sekondari za kata zilikuwa hazijaenea kama ilivyokuwa kuanzia mwaka 2006, na nafasi za Kidato cha Kwanza zilikuwa chache mno. Kila Ijumaa baadhi yao walikuja shuleni bila sare, wakasimama karibu na mlingoti wa bendera hadi mmoja wetu atoke, kisha wakauliza, "Mwalimu, majibu yametoka?" Nasi tukajibu, "Bado. Subirini." Tulijibu hivyo Ijumaa nyingi bila kusikia tulichokuwa tukikisema. Mwenzetu alipotuletea maneno ya yule karani, tulikuwa tumekaa ofisini na dirisha li wazi, na watoto wale walikuwa pale mlingotini. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Jumatatu iliyofuata tuliwaita wote wanaongoja, pamoja na wazazi waliokuwa tayari kuja. Tuliandika ubaoni mtihani unakwenda wapi ukitoka shuleni, nani anausahihisha, nani anachagua, na kwamba majina kwa kawaida hutangazwa mwezi Desemba na masomo huanza Januari. Tuliwaambia pia wazi kwamba wengi wao hawatachaguliwa. Baba mmoja alikasirika akasema tunawavunja watoto moyo. Labda alikuwa na haki. Hatujalimaliza jambo hilo hadi leo. Lakini kuanzia siku hiyo tulifungua darasa la alasiri kwa wanaongoja. Tulifundisha Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na vipimo na mizani, kwa kuwa yeyote atakayekosa nafasi atauza pamba au dhahabu kwa mtu mwenye mizani.

Katika madarasa mengine tulibadili jambo dogo moja, nalo ndilo tungependa mlijaribu katika mazoezi yenu ya kufundisha. Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha madaftari 120 kwa siku na kuyasahihisha vema. Tuliligawa darasa katika makundi manne, kila kundi likawa na siku yake kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Siku hiyo madaftari ya kundi hilo husahihishwa, na kesho yake hurudishwa kabla ya kipindi kuanza, liwe jua au mvua. Ijumaa ni ya kurudia makosa yaliyoonekana kwa wengi. Kazi yenyewe haikupungua, lakini kila mtoto alijua siku yake. Baada ya mwezi mmoja waliacha kutuzonga mezani, na wale waliokuwa wakiacha kufanya mazoezi ya nyumbani walianza kuyafanya, hasa usiku wa kuamkia siku yao.

Majibu yetu yalikuja kwa vipande. Mwezi Novemba mmoja wetu alipokelewa, vipindi vikiwa vimekwisha kuanza, naye akaondoka na sanduku moja. Wa pili alikataliwa kwa barua ya mistari mitatu. Wa tatu hakupata jibu lolote. Desemba majina ya watoto yakatangazwa, na shule yetu ikawa na wavulana wanne na wasichana watatu.

Mmoja wa wavulana hao hakuonekana. Alikuwa amehudhuria darasa la alasiri wiki mbili tu, kisha akawafuata wachimbaji. Bibi yake, aliyemlea, alikuja shuleni asubuhi ya Januari, akatuamkia "mwangaluka", akaketi chini kimya. Tukaondoka walimu wawili tuliobaki, pamoja naye, kwa baiskeli na kwa miguu, tukaulizia katika machimbo ya Nyarugusu na vilima vya jirani. Siku ya tatu tukampata penye karasha, pale mawe yanaposagwa kuwa unga, kabla ya kuoshwa juu ya ubao uliotandikwa magunia na kukamatwa kwa zebaki. Alikuwa mweupe kwa vumbi tangu nywele hadi miguu, na viganja vyake vilikuwa vimepasuka.

Tulimwambia amechaguliwa. Hakuruka kwa furaha kama tulivyotazamia. Alisema, "Walimu wangu, nilingoja. Huku jioni naambiwa kama nimepata au nimekosa." Bibi yake alimjibu kwa Kisukuma, maneno marefu ambayo hatutayaandika. Kijana akainamisha kichwa, akasema atakuja, lakini ana mfuko mmoja wa mawe ambao ni malipo yake ya wiki sita, nao haujasagwa. Akiuacha hapo hataukuta. Mbele yake katika foleni ya karasha walikuwako watu kumi na mmoja, na mashine ilikuwa imeharibika tangu jana.

Tulitazamana. Shule ya sekondari ilikuwa imefunguliwa siku nne zilizopita. Tungeweza kumvuta kwa nguvu, na wapo watakaosema ndivyo ilivyotupasa. Tuliuliza fundi atakuja lini. Wakasema, kesho labda.

Kijana akatutandikia magunia kivulini tukae, akamletea bibi yake maji katika kopo. Kisha akauliza, "Na majibu yenu, Walimu, yametoka?" Hatukujua kwamba alikuwa anajua. Tukamwambia mmoja amepata, mmoja amekosa, na mwingine bado. Akauliza huyo mwingine ni nani. Tukamwonyesha. Akamtazama kwa muda, akamsogezea gunia lililo jipya kuliko mengine.

Fundi alifika siku ya pili, saa tisa alasiri.