Stara Katika Zama za Simu



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kusitiri aibu za waja Wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) pamoja na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, nimekusudia kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo twalitaja kidogo sana misikitini na mabarazani, nalo ni stara ya mtu katika zama hizi za simu. Masheikh wetu wanapoizungumzia simu, mara nyingi huizungumzia kwa upande wa picha chafu na mambo ya upuuzi, nao wasema kweli. Lakini naona kuna mlango mwingine ulioachwa wazi, na kwa mlango huo wanaingia watu tusiowajua hadi vyumbani tunamolala.

Sisemi kwamba simu ni haramu. Simu imemuunganisha mama aliyeko Pemba na mwanawe aliyeko Muscat, na mgonjwa hupelekewa fedha za dawa kwa dakika moja, jambo ambalo zamani lilichukua siku nyingi. Anayesema tuvitupe vitu hivi baharini hajatusaidia, kwani yeye mwenyewe atarudi nyumbani na yake mfukoni. Swali langu ni hili: adabu tulizofundishwa za kuingia katika nyumba za watu, je, zaishia kwenye mlango wa mbao, au zaufikia na mlango huu wa kioo?

Tuanze na adabu zenyewe. Katika Suratin Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka watake ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Aya inayofuata yaeleza kwamba mtu akiambiwa arudi, basi na arudi. Mtume (s.a.w.) akafundisha kwamba ruhusa huombwa mara tatu, na asiyejibiwa aende zake. Sisi watu wa pwani tuliichukua amri hii tukaitia katika neno moja fupi, hodi. Mgeni mwenye adabu husimama ubavuni mwa mlango, wala haukabili, ili asiyaone ya ndani utakapofunguliwa. Hata waashi wetu waliijua adabu hii. Katika nyumba za kale za Lamu mgeni hukaa katika daka, na njia ya kuingia ndani imepindwa ili jicho la mpita njia lisifike uani.

Tena, katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo, hata watoto wa nyumbani ambao hawajabaleghe wameamrishwa kuomba ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Swala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao wapumzike, na baada ya Swala ya Isha. Zingatia jambo hili, ndugu yangu. Mtoto wako wa kumzaa, ambaye hajui baya wala zuri, haingii kwako katika nyakati hizo bila ya hodi. Simu yako iko juu ya mto katika nyakati zote tatu, nayo ina jicho na sikio, na mahali ulipo inapajua.

Imepokewa kutoka kwa Sahl bin Saad kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa Mtume, naye Mtume alikuwa na kitana cha chuma akijikunia kichwa. Alipomjua akamkemea kwa ukali mkubwa, kiasi cha kumwambia kwamba lau angalijua anachungulia angalimchoma jicho kwa kitana kile, kisha akaeleza kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Hapa pana fundisho kubwa. Mtu yule hakuiba kitu wala hakuingia ndani. Alitazama tu, na kutazama peke yake kukahesabiwa kuwa ni dhulma.

Sasa tutazame hali yetu. Mnamo mwezi wa Novemba 2020, waandishi wa gazeti la intaneti la Motherboard la Marekani walifichua habari ya programu iitwayo Muslim Pro. Ni programu inayomwonyesha Muislamu nyakati za swala na mwelekeo wa Kibla, na wakati huo ilikuwa imekwisha pakuliwa zaidi ya mara milioni 98. Ili ikuonyeshe Kibla ni lazima ijue uliposimama, na hilo halina ubaya. Lakini ndani yake kilikuwamo kipande cha programu cha kampuni nyingine iitwayo X-Mode, na kipande hicho kilikuwa kikipeleka kwa kampuni hiyo habari za mahali ilipo simu. X-Mode nayo ikiziuza habari hizo kwa makandarasi wa ulinzi, na kwa njia yao zikilifikia jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikana kwamba wao waliliuzia jeshi habari za watu, wakatangaza kuuvunja uhusiano wao na X-Mode. Miaka mitatu baadaye, Januari 2024, serikali ya Marekani yenyewe iliikataza kampuni iliyorithi biashara ya X-Mode kuuza habari za watu waendao katika mahali pa faragha, kama vile zahanati na nyumba za ibada.

Huenda mtu akasema kwamba habari hizo hazikuwa na majina. Ni kweli, lakini simu inayolala kila usiku katika nyumba moja, ikaenda kila asubuhi katika duka moja, na kila Ijumaa ikasimama katika msikiti mmoja, yahitaji jina gani tena? Jirani yeyote aweza kukuambia ni ya nani. Basi tufikiri: Muislamu aliamka Alfajiri, akatia udhu, akaitoa simu yake ili aielekee Nyumba ya Mwenyezi Mungu, na katika saa ile ile hatua zake zikaandikwa katika daftari la mfanyabiashara. Jambo hili laniuma kuliko matangazo yote ya upuuzi yaliyomo katika intaneti.

Wako ndugu zetu wanaojibu kwa wepesi: "Mimi sina la kuficha." Jawabu hili nimelisikia hata kwa watu wenye elimu, nami naliona kuwa ni kosa. Mtu hufunga mlango wa choo, na wala hamna kosa analolifanya humo. Mume na mke huzungumza kwa sauti ya chini katika mambo ya halali kabisa. Mwenye kutoa sadaka huificha isijulikane, na hilo ni jambo la sifa. Stara haikuwekwa kwa ajili ya wakosaji. Ni heshima aliyopewa kila mwanadamu, na mwenye kusema hana la kuficha amekubali avuliwe heshima hiyo kabla hata ya kuulizwa.

Tena, heshima hii ina bei sokoni. Mwaka 2023 mjini Nairobi watu walipanga foleni ndefu katika jumba la mikutano la KICC ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine ya kampuni ya Worldcoin. Malipo yalikuwa sarafu za kompyuta ambazo thamani yake siku zile ilikuwa kama shilingi 7,000 za Kenya. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ya Kenya iliisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamua kwamba alama hizo zilichukuliwa kinyume cha sheria, ikaamuru zifutwe. Mimi siwalaumu waliopanga foleni. Mwenye njaa hapimi mambo kama aliyeshiba. Namlaumu aliyejua thamani ya kile anachokinunua akamfuata asiyeijua, na biashara ya namna hii Uislamu umeikemea tangu zamani, iwe ya tende au ya macho. Mtu akipoteza ufunguo hubadilisha kitasa. Akipoteza alama ya jicho lake, atabadilisha nini?

Nije kwenye michezo, kwani hapa ndipo watoto wetu walipo. Sipingi mchezo. Wazee wetu walicheza bao, na kete 64 katika mashimo 32 zilitosha kuwaburudisha jioni nzima. Lakini bao lina mwisho. Mmoja hufungwa, watu hucheka, na adhana ya Magharibi ikilia kete huachwa pale pale. Michezo mingi ya simu imetengenezwa isiishe. Kila siku yatolewa zawadi mpya, na asiyecheza leo huikosa, hivyo kijana huamka usiku kuutazama mchezo wake, na Alfajiri ikampita amelala. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliutia ugonjwa wa kushindwa kujizuia na michezo hii katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Na kama tulivyoona katika programu ya Kibla, mchezo nao humtazama mchezaji. Mwezi wa Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani. Katika hizo, milioni 275 zilikuwa kwa madai ya kukusanya habari za watoto walio chini ya miaka 13 bila ya idhini ya wazazi, na milioni 245 kwa madai ya kuwahadaa wachezaji walipe fedha wasizokusudia kulipa. Iko pia michezo inayouza visanduku vilivyofungwa. Mtoto hulipa kwanza, kisha hufungua aone kama amepata kitu cha maana au takataka. Mwaka 2018 tume inayosimamia michezo ya kubahatisha nchini Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya namna hiyo katika baadhi ya michezo ni kamari. Ubelgiji si nchi ya Kiislamu, wala haikuitazama Suratil Maida, nayo iliitambua kamari ilipoiona. Sisi tunaosoma kila mwaka katika mwezi wa Ramadhani aya ya kukataza kamari, twawapa watoto wetu fedha za sikukuu wakanunulie visanduku hivyo hivyo.

Hata hivyo, ingekuwa rahisi mno kuwalaumu watu wa mbali tukamaliza. Wachunguliaji wengine ni sisi wenyewe. Katika harusi zetu za pwani wanawake hukaa peke yao, wakajipamba na kucheza kwa furaha, kwa kuwa wanajua kwamba hapana jicho la mwanamume. Binti mmoja wa jamaa zangu alihudhuria harusi ya namna hiyo akiwa hana buibui, kama ilivyo ada. Mwanamke mwenzake akampiga picha za kutembea, akazituma kwa shoga yake mmoja tu, naye kwa mwingine. Siku ya tatu mwanamume mmoja dukani akamwonyesha ndugu yake binti huyo. Tangu siku ile binti hahudhurii harusi yoyote, hata ya ndugu yake wa tumbo moja hakuhudhuria. Katika mkasa huu hapana kampuni ya ng'ambo wala jeshi la mtu. Ni kidole cha Muislamu kilichobonyeza.

Vivyo hivyo twaona mgonjwa amelala kitandani hajitambui, na aliyekuja kumzuru ampiga picha. Twaona maiti za ajali za barabarani zikizungushwa katika makundi ya WhatsApp kabla wafiwa hawajapata habari, na chini yake watu wameandika dua, kana kwamba dua yaufuta uovu wa kumfunua maiti. Katika Suratil Hujurat, aya ya 12, kupeleleza na kusengenya vimekatazwa pamoja, na mwenye kusengenya amefananishwa na mtu alaye nyama ya nduguye aliyekufa. Sioni kwa nini hukumu hiyo ibadilike kwa sababu usengenyaji umefanywa kwa picha.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuulize. Programu inapotaka kujua mahali ulipo, au kusikiliza, au kuyafungua majina ya watu wako, hiyo ndiyo hodi yake, nawe unayo haki ya kusema rudi. Simu nyingi za leo hukuonyesha ni programu zipi zimepewa ruhusa hizo, na kuziondoa ni kazi ya dakika chache. Pili, wenye harusi waziweke simu katika kikapu mlangoni, kama wengine walivyokwisha anza. Tatu, waalimu wa madrasa wanapofundisha mlango wa kuomba ruhusa, wautie na mfano wa simu, ili mtoto ajue kwamba kufungua ujumbe wa mwenzake ni sawa na kuingia chumbani kwake. Nne, tuzijue sheria. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Sheria isiyojulikana na wenye haki ni kama fimbo iliyowekwa darini, haimtishi nyoka.

Sheria na vikapu vitasaidia, lakini mlinzi wa mwanzo ni moyo wenye haya. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenziwe, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Kila mmoja wetu anayo aibu ambayo lau ingefunuliwa asingaliweza kutoka nje, na aliyeifunika ni Mola wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, awahifadhi watoto wetu na yale wasiyoyajua, na atujaalie tuwe wenye kuyafunika ya wenzetu kama tunavyopenda yafunikwe yetu. Amin.