Moshi Nje, Joto Ndani

Katika nchi ya Abagusii iko miezi ambayo mtu mzima hutamani kulala kando ya moto kama mtoto. Mji wa Kisii wenyewe umeinuka juu ya bahari kadiri ya meta 1,700, na ukipanda kuelekea Nyamira hata kufika Kiabonyoru, nchi huzidi kuinuka. Mwezi wa Juni mpaka Agosti ukungu huchelewa kuondoka juu ya mashamba ya chai, na usiku baridi hupenya mabati kana kwamba nyumba haikuezekwa. Wageni watokao Mombasa hucheka waambiwapo ya kwamba hapa karibu na Ikweta watu huota moto. Hulala usiku mmoja, kisha hawacheki tena.

Mzee mmoja wa sehemu hizo alistaafu baada ya kuchunga boila ya kiwanda cha majani chai kwa miaka zaidi ya 20. Viwanda vya namna hiyo ni vingi huko: Kebirigo, Tombe, Sanganyi na Nyansiongo upande wa Nyamira, Nyamache, Kiamokama na Ogembo upande wa Kisii. Mkulima huyaona majani yake yakipimwa katika banda la kununulia, basi, hesabu yake imekwisha. Lakini nyuma ya kiwanda yuko mtu alishaye moto. Moto huchemsha maji. Mvuke hupita katika mabomba mpaka ndani ya rejeta, yaani safu za mirija yenye mapezi ya bati. Feni kubwa husukuma hewa safi kati ya mirija hiyo, na hewa hiyo ikisha kupata joto ndiyo inyaushayo majani na kuyakausha. Moshi hauonani na chai hata kidogo. Kama ungeonana nayo, chai ingenuka, na mnunuzi katika mnada wa Mombasa angeitema.

Boila ikipungukiwa na nguvu, mgeni wa kazi huongeza kuni. Mjuzi huuliza kwanza joto lapotelea wapi. Pengine kuni ni mbichi: mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na kuyageuza maji yachemkayo kuwa mvuke hutaka joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyatoa katika ubaridi wa barafu mpaka yachemke. Moto hufanya kazi ya kukausha kuni kabla ya kufanya kazi ya bwana wake. Pengine mirija imefunikwa na masizi, au ndani yake umeshika ule utando mgumu mweupe unaoonekana katika birika kuukuu. Na rejeta ikiwa moto upande mmoja na baridi upande wa pili, hapana shaka imenasa hewa au maji yaliyopoa, nayo hayana budi kufunguliwa njia yatoke.

Elimu hiyo mzee alidhani ameiacha kiwandani pamoja na buti zake. Lakini wajukuu wake wawili walizoea kuja kwake asubuhi kabla ya shule, na siku moja mdogo alikataa uji.

“Babu, kichwa kinaniuma.”

“Chakuuma asubuhi, au mchana pia?”

“Asubuhi tu. Nikifika shule chapoa.”

Mzee aliuliza mlango na dirisha hufungwaje usiku, akajibiwa ya kwamba mama huziba hata nyufa kwa matambara, kisha huwaletea jiko la makaa chumbani.

Hapa pana jambo ambalo msomaji asiye wa Kisii hana budi kuelezwa. Kwa Abagusii baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kati yake na mke wa mwana iko heshima iitwayo chinsoni, na heshima hiyo haivunjwi kwa sababu ya jiko. Mzee alijua hatari iliyolala kitandani pamoja na wajukuu wake, wala hakuweza kuvuka kizingiti akalitoa lile jiko kwa mkono wake.

Alimwita mwanawe, karani wa ofisi, chini ya mparachichi.

“Mwanangu, makaa yasiyo na moshi si makaa yasiyo na sumu.”

“Baba, nimesikia. Lakini watoto wanalia kwa baridi. Nifanyeje?”

Jibu hilo lilikuwa la haki. Wengi hukataza jiko la makaa chumbani wala hawasemi mtoto ajifunike nini. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika mahali pa oksijeni katika damu. Aliye usingizini haamki kuikimbia. Jiko lilitolewa jioni ile ile, na watoto wakalala chumba kimoja na wazazi mpaka kazi ilipokwisha.

Kazi yenyewe ilifuata mfano wa rejeta. Jiko la kuni la matofali lilijengwa jikoni, likiegemea ukuta wa chumba cha watoto, na ukutani zikatiwa bamba za mawe ya Tabaka. Mawe hayo Wakisii huchonga viboko na sahani za kuuzia watalii. Huko Finland watu hujenga majiko ya kuotea kwa mawe ya jamii hiyo, kwa kuwa hushika joto na kuliachilia polepole. Bamba zilichaguliwa kavu na zisizo na ufa, maana jiwe lenye maji hupasuka motoni. Chini ya mabati ikatandazwa dari ya mbao, na tundu la hewa likaachwa juu ya dirisha.

Fundi alijenga ndani. Mzee aliketi uani akiangalia dohani. Usiku wa kwanza moshi ulirudi jikoni wote. Mzee alitazama juu, akamtuma mjukuu kusema dohani imekoma chini ya kipaa cha nyumba, upepo waupiga moshi chini. Iliongezwa ikapita kipaa kwa karibu meta moja. Asubuhi za ukungu moshi ulisita tena, kwa sababu dohani ilijaa hewa baridi; mkwe alifundishwa, kwa kinywa cha mtoto, kuchoma kwanza konzi ya majani makavu kwenye tako la dohani. Moshi mweupe ulipozidi, mzee aliagiza kuni zianikwe chini ya upenu. Ulipokuwa mweusi, aliagiza zipasuliwe ndogo zisishindiliwe, moto upate hewa. Mkwe naye alirudisha maneno kwa njia ile ile: masizi nani atayasugua? Mwana alipewa kazi hiyo kila mwisho wa mwezi.

Kichwa cha mtoto hakikuuma tena. Jiko la makaa sasa liko uani, huchomewa mahindi. Mzee hajaliona jiko jipya hata leo. Kila alfajiri hutoka, hutazama rangi ya moshi juu ya paa la mwanawe, kisha huenda kuchuma chai.